Kabla Hujalipia Seva ya Wingu, Jaribu Kurejesha Data Yako

Wasanidi programu wanaotuletea kazi ya kuhamisha mifumo huwa wameshalinganisha bei za seva za wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao. Wanajua nani anatoa RAM kubwa kwa dola chache na nani ana diski ya kasi. Sisi tunawauliza jambo jingine: seva hii ikifutika usiku wa leo, kesho saa tatu asubuhi wateja wako watakuta nini? Wengi hujibu kwamba kampuni ya seva inachukua nakala rudufu (backup). Basi tunaomba tuione hiyo nakala, na tuijaribu.

Si kwamba tunapenda kutisha watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, huko Strasbourg, Ufaransa, na kuunguza sehemu ya SBG1 lililo jirani. Wapo wateja waliokuwa wakilipia nakala rudufu kwa kampuni hiyohiyo, wakaja kugundua kwamba nakala zenyewe zilikaa kwenye eneo lilelile la majengo. Zikaenda na moto. Mei 2024 yakawafika UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Kosa la mipangilio upande wa Google Cloud lilifuta wingu binafsi la mfuko huo, yaani seva zilizotengwa kwa ajili yake, na wanachama wakakaa siku kadhaa bila kuweza kuingia kwenye akaunti zao. Miongoni mwa vilivyowasaidia kurudi hewani ni nakala walizokuwa wameziweka kwa kampuni nyingine.

Hizo ni kampuni kubwa, zenye wahandisi hodari. Kwa hiyo ukubwa wa jina usikufanye uache kuuliza: nakala inakaa jengo gani, mji gani, chini ya akaunti ya nani? Kama akaunti yako ikifungwa na nakala inafungwa pamoja nayo, bado huna nakala.

Halafu irejeshe. Kuna kosa moja tunalolikuta mara kwa mara kwenye seva za Linux. Msanidi ameandika amri ya kila usiku: programu ya pg_dump inatoa data kwenye hifadhidata ya PostgreSQL na kuipitisha kwa programu ya gzip iibane. Siku moja nenosiri la hifadhidata linabadilishwa. Kuanzia hapo pg_dump inagoma, lakini gzip inaendelea kuandika faili kana kwamba hakuna kilichotokea, na kwa kuwa ndiyo amri ya mwisho kwenye mnyororo, mfumo unahesabu kazi imefanikiwa. Ukifungua folda unaona faili za kila siku zimepangana vizuri kwa tarehe. Tazama ukubwa wake: baiti 20 kila moja. Ni maganda matupu. Ongeza "set -o pipefail" kwenye skripti ya bash ili hitilafu ionekane, kisha kila mwezi rejesha nakala kwenye seva tupu na uhesabu safu mlalo za jedwali la malipo ulinganishe na zilizo kwenye mfumo unaotumika.

Kuhusu ahadi za asilimia ya muda ambao seva itakuwa hewani, fanya hesabu mwenyewe. Asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 inaruhusu mfumo kuwa chini dakika 43. Asilimia 99.5 inaruhusu saa tatu na nusu na ushee. Na fidia, ukisoma mkataba, kwa kawaida ni punguzo la sehemu ya bili ya seva, wala haigusi mauzo uliyopoteza. Fikiria duka linalopokea malipo ya M-Pesa: mteja ameweka namba ya siri, pesa imekatwa, jibu la malipo linatumwa kwenye anwani ya seva yako, na seva imelala. Mteja ana ujumbe wa muamala, mfumo wako haujui lolote, na anayepigiwa simu ni wewe. Hata ukiwa na kampuni bora, andika kipande cha programu kinachouliza hali ya muamala upya baada ya seva kuamka.

Suala la mahali seva ilipo linahitaji uangalifu zaidi kwetu huku. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Aliyekuwa na seva Ulaya aliumia. Aliyekuwa nayo Afrika Kusini naye hakuwa salama, maana mikongo hiyo ndiyo inayotuunganisha na huko. Mfumo wa watumiaji wa Dar es Salaam uliopo Dar es Salaam unaweza kupitisha mawasiliano yake kwenye TIX, kituo ambapo watoa huduma za intaneti wa Tanzania hubadilishana mawasiliano, bila kuvuka bahari, ilimradi mtoa huduma wako na mitandao ya simu wanakutana hapo. Usikubali maneno matupu: endesha "mtr", programu inayoonyesha vituo ambavyo mawasiliano yanapitia, kutoka kwenye laini za simu wanazotumia wateja wako, uone njia inapita wapi.

Mahali pana sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Ukishika taarifa za wagonjwa au wanafunzi, lisome hili kabla ya kuchagua kanda, yaani eneo la dunia ambako seva yako itakaa.

Bili nyingi hulipwa kwa kadi na kwa dola. Kadi ikikataa, huduma husimamishwa, na baada ya muda data hufutwa, kwa hiyo weka kadi ya pili na barua pepe inayosomwa na watu wawili. Angalia pia ada ya kutoa data, yaani data inayotoka kwenye seva kwenda kwa watumiaji, kwani programu yenye picha nyingi inaweza kulipa zaidi kwa kutoa kuliko kwa seva.

Ukituita, tunaanza na jaribio la kurejesha kwenye seva ya mtoa huduma unayemtaka, tunamtumia tiketi ya msaada (ombi la kusaidiwa) Jumamosi usiku tuone inajibiwa lini, kisha tunakupa ripoti ya maandishi. Tuandalie ukubwa wa hifadhidata, miji waliko watumiaji wako, na muda mrefu zaidi ambao biashara inaweza kuvumilia mfumo ukiwa chini.