Barua kwa binti yangu aliyewekwa kwenye meza ya michoro

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku tumeusikiliza mara mbili, mimi na mama yako. Yeye alitaka nikupigie hapo hapo. Nikamwambia nitaandika, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza neno.

Unasema hii ni wiki ya nne ya mafunzo, wavulana wanapanda gari kwenda kwenye vituo vya kupozea umeme, wewe umeachwa ofisini unanakili michoro ya zamani kuiingiza kwenye kompyuta, na ikifika saa nne unaulizwa chai iko wapi. La chai nitalirudia. La michoro ndilo lililoniuma kidogo, mama. Kusoma kwako kote kumelipiwa na penseli na rula yangu ya T ya kuchorea.

Ngoja nikupe habari za tarishi mmoja. Lewis Latimer alizaliwa mwaka 1848 Chelsea, jirani na Boston, Marekani. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka Virginia mwaka 1842. Baba yake alikamatwa Boston, watu wakaja juu, mwisho uhuru wake ukanunuliwa kwa dola 400. Lewis aliingia jeshi la majini akiwa na miaka 16. Alipotoka akapata utarishi kwenye ofisi ya mawakili wa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya alichobuni, dola 3 kwa wiki. Kila akitumwa, akipita nyuma ya wachoraji anachungulia mikono yao. Akanunua vifaa vya mtumba na vitabu, akawa anajifunza usiku. Siku alipoomba na yeye achore, alichekwa. Kufika 1872 ndiye aliyekuwa mkuu wa wachoraji, analipwa dola 20 kwa wiki. Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipohitaji michoro ya kuombea hataza ya simu, kazi ilikwenda kwa Latimer.

Kuchora kitu cha mwenzio kunakulazimisha ujue kila waya unatoka wapi na unaishia wapi. Mimi niliwahi kupewa mchoro wa paneli ya pampu ya maji niuchore upya, usafishwe tu. Nikafuata waya wa ethi, ule wa usalama unaopeleka umeme ardhini, kwa ncha ya penseli, nikakuta haufiki popote. Wahandisi walikuwa wameusaini na kuupitisha, kila mmoja akimwamini aliyemtangulia.

Sasa njoo kwenye balbu. Zile za mwanzo uzi wake wa kutoa mwanga ulikuwa wa kaboni, yaani mkaa hasa: unachukua karatasi au nyuzi za mmea, unazichoma kwenye joto kali bila hewa. Umeona tanuri la mkaa kwa babu yako, wanavyolifukia kwa udongo, na hewa ikipenya asubuhi wanakuta majivu. Sasa fikiria tanuri hilo kwa kitu chembamba kama unywele. Kikiiva kinasinyaa, kinajikunja, kinakatika. Latimer, wakati huo akiwa kwenye kampuni ya Hiram Maxim, mshindani wa Thomas Edison kwenye biashara ya taa za umeme, alizifunga nyuzi ndani ya bahasha za kadibodi. Bahasha ikisinyaa, na uzi ndani unasinyaa nayo kwa mwendo ule ule, hakuna kinachomvuta mwenzake. Hataza ya njia hiyo aliipata Januari 1882. Kadibodi tu!

Mtandaoni utakuta wanaandika kwamba ndiye aliyegundua balbu. Usiwafuate. Joseph Swan kule Uingereza na Edison kule Marekani walikwisha kuwasha zao, na Latimer ana yake ya kutosha bila kukopeshwa ya wengine. Alisimamia ufungaji wa taa New York, Philadelphia na Montreal, ambako ilimbidi ajifunze Kifaransa ili awaelekeze mafundi, kisha akapelekwa London kuanzisha kiwanda cha taa. Mwaka 1884 akahamia kwa Edison mwenyewe, na baadaye akawa mchoraji na shahidi wa kitaalamu wa kampuni kwenye kesi za hataza.

Kama unataka mfano wa mwanamke, soma habari za Annie Easley. Mwaka 1955 aliajiriwa kwenye maabara ya Cleveland ambayo baadaye ikawa ya NASA, shirika la anga la Marekani, kazi yake kupiga hesabu za wahandisi kwa mkono. Watu weusi, naye akiwamo, walikuwa wanne kati ya wafanyakazi kama 2,500. Picha ya kikundi chao ilipokuzwa na kutundikwa, yeye alikuwa amekatwa. Aliendelea na hesabu, akahamia kwenye programu za kompyuta, akafanya utafiti wa betri za magari yanayotumia umeme.

Haya, chai. Latimer alitumwa kwa sababu aliajiriwa kutumwa. Barua yako ya chuo inasema mwanafunzi wa uhandisi. Mwambie msimamizi wako kwa adabu, bila kununa, kwamba zamu ya chai iwe ya wote, na wewe utaanza Jumatatu.

Na hiyo michoro, acha kuinakili kama ilivyo. Mingine ni ya kabla hujazaliwa, vifaa vimebadilishwa na hakuna aliyerekebisha karatasi. Kila unapotilia shaka, weka alama ya penseli nyekundu, andika namba ya swichi na swali lako. Zikifika alama kumi, mpelekee msimamizi, umwambie huwezi kuendelea mpaka ukalinganishe na kilichopo kituoni. Hapo atakutafutia nafasi kwenye gari, kwa kuwa jina lake ndilo litakaloandikwa chini ya mchoro.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la asubuhi: bikari yangu, penseli nyekundu mbili, na viatu vya usalama, namba 38, mama yako kasema ndiyo yako. Risiti nitaipiga picha.

Baba yako