Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Chama cha Tenisi Tanzania kuhusu adhabu za uwanjani

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi ni mwalimu wa tenisi wa watoto hapa Dar es Salaam. Mchezo huu niliuanza kwa kuokota mipira kwenye klabu moja ya mjini, kabla hata sijamiliki raketi. Nakuandikia kukuomba ulifikishe jambo moja kwenye Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ambalo chama chetu ni mwanachama wake. Adhabu wanazopewa wachezaji wa kulipwa kwa utovu wa nidhamu hazina haki, na watoto tunaowafundisha wanaliona hilo.

Utaratibu unaufahamu. Kosa la kwanza ni onyo, la pili unakatwa pointi, la tatu unapoteza gemu nzima, na ukiendelea unaweza kutolewa. Ngazi hizo sina tatizo nazo. Tatizo liko kwenye makosa makubwa yanayoruka ngazi, yaani mchezaji anatolewa papo hapo.

Februari 2022 kule Acapulco, Mexico, Alexander Zverev wa Ujerumani alipoteza mechi ya wawili wawili, akakiendea kiti cha mwamuzi na kukipiga kwa raketi zaidi ya mara moja. Mwamuzi alikuwa bado amekaa juu, ikabidi aiondoe miguu yake. Zverev alitolewa mashindanoni, akatozwa dola 40,000, akanyang'anywa zawadi na pointi zake za viwango vya ubora za wiki ile. Baadaye ATP, chombo kinachosimamia tenisi ya kulipwa ya wanaume, ikamwongezea wiki 8 za kufungiwa na dola 25,000 nyingine, lakini vyote hivyo vikawa kifungo cha nje: asiporudia kosa, havimgusi. Machi alikuwa anacheza mashindano ya Indian Wells, Marekani.

Sasa mtazame Miyu Kato wa Japani. Juni 2023, kwenye mashindano ya Roland Garros, Ufaransa, akicheza wawili wawili upande mmoja na Aldila Sutjiadi wa Indonesia, Kato aliurudisha mpira upande wa pili baada ya pointi kwisha. Ukampiga msichana muokota mipira. Mwamuzi alitoa onyo tu. Wapinzani wakalalamika, msichana akawa analia, wasimamizi wakubwa wakaitwa uwanjani, na Kato na mwenzake wakatolewa. Kato alipoteza zawadi na pointi zake za mashindano ya wawili wawili.

Namwonea huruma yule msichana, tena sana. Muokota mipira husimama mikono nyuma, macho kwa wachezaji, na anategemea kwamba watu wazima walio mbele yake wanajua wanachokifanya. Mpira ukikupata shingoni hujautarajia, unaumia na unaaibika mbele ya watu. Kwa hiyo sisemi Kato aachwe. Ninachouliza ni kwa nini aliyeukosesha mpira mwelekeo atolewe kama yule aliyemkabili mwamuzi kwa raketi, halafu huyu wa pili, mwenye hasira na kusudi, asikae nje hata wiki moja baada ya hapo. Kanuni zinatazama zaidi mpira umetua wapi. Novak Djokovic alipoupiga mpira nyuma kwa hasira kwenye US Open ya 2020 ukampata mwamuzi wa mstari kooni, alitolewa, na mimi naona ilikuwa sawa. Lakini ungepita pembeni ya yule mama, yangekuwa maonyo, na mkono ni uleule.

Halafu kuna fedha. Kwenye fainali ya US Open ya 2018 Serena Williams alitozwa jumla ya dola 17,000 kwa makosa matatu, likiwemo la kumtolea mwamuzi maneno makali. Mjadala wa kama mwanaume angekatwa gemu kwa maneno yale sitauingia hapa, ingawa swali hilo ni la msingi. Ninachotazama ni hesabu: zawadi ya mshindi wa pili mwaka ule ilikuwa dola milioni 1.85. Faini haikufika hata asilimia moja. Ni kama trafiki wetu anavyoandika 30,000 kwa mwenye V8 na kwa mwenye Vitz. Mmoja anasahau kabla hajafika Mwenge, mwingine amekosa hela ya mafuta. Kijana anayehangaika kwenye mashindano madogo, zawadi haimtoshi nauli ya ndege, faini ya dola mia chache inamrudisha nyumbani.

Haya yanatufikia. Kwenye mashindano ya watoto nimemwona kijana akiibamiza raketi chini hadi fremu ikapasuka. Raketi ilikuwa ya msaada, na mwenzake aliyekuwa zamu inayofuata alikuwa amesimama pembeni akiisubiri. Nilipomwita, alinijibu: "Mwalimu, mbona wale wa kwenye runinga wanalipa tu?"

Najua ATP, WTA ya wanawake na mashindano makubwa manne ya Grand Slam kila mmoja ana kitabu chake cha kanuni, na Shirikisho haliwezi kuwaamuru. Lakini mashindano ya kimataifa ya vijana na Davis Cup, ya timu za mataifa, yako chini yake, na hapo pa kuanzia papo. Naomba upendekeze kwamba faini iwe sehemu ya zawadi ya mashindano husika. Naomba pia anayemshambulia mwamuzi kwa makusudi afungiwe kweli, bila kifungo cha nje, na aliyegusa mtu kwa bahati mbaya akatwe gemu au seti kabla ya kufikiriwa kutolewa.

Kwetu hapa hatuhitaji kumsubiri mtu. Kanuni za mashindano ya vijana ya msimu ujao zinaweza kuandikwa hivyo, na waamuzi tunao. Niko tayari kukaa na kamati ya ufundi siku yoyote mtakayonipangia.

Wako katika michezo,
Mwalimu wa tenisi, Kinondoni