YAH: MALALAMIKO KUHUSU KELELE ZA VIBONYEZO KATIKA FILIMBI MLIZOZITENGENEZA

Ndugu Meneja wa Karakana,

Filimbi nne za mfumo wa Böhm (filimbi za kisasa za chuma zenye vibonyezo) na rekoda moja ya sauti ya tenor (filimbi ya mbao inayopulizwa wima) tulizowaletea kwa matengenezo kamili zimerudi zina kelele kuliko zilivyokuja. Fundi wenu ametujibu kwa maandishi kwamba vibonyezo havina budi kulia, na kwamba hata mtunzi Edgard Varèse aliviandikia mlio wake katika Density 21.5, kazi yake ya filimbi moja pekee. Ni kweli: kazi hiyo ya 1936 ina noti zenye alama ya +, zinazopigwa kwa upole huku vibonyezo vikigongwa. Lakini mlio ule si huu.

Mlio wa Varèse unatoka kwenye pedi, yaani mto mdogo laini ulio chini ya kifuniko cha kibonyezo, unaoziba tundu. Pedi ikiangukia tundu kwa ghafla, hewa iliyo ndani ya bomba inashtuka na kutoa noti, ndiyo maana mlio hubadilika kila vidole vinapobadilika. Ukiziba tundu la kupulizia kwa mdomo, unashuka karibu oktava nzima. Kelele tunayolalamikia haina noti. Ni chuma kugonga chuma, haijali vidole vimekaaje, na mara nyingi inasikika kidole kinapoinuka.

Tafadhali pimeni wenyewe, bila kupuliza. Bonyezeni kila kibonyezo polepole, kisha mkiachie ghafla. Kikilia kinaporudi, felti (kitambaa kinene laini) au koki (kipande cha gamba laini la mti, cork) ya chini ya mkono wa kibonyezo imetoka, au imewekwa nyembamba mno. Katika filimbi mbili tumekuta gundi tupu mahali palipopaswa kuwa na felti. Halafu jaribuni vibonyezo vya mkono wa kulia: vya noti F, E na D, kila kimoja kinapaswa kufunga pia kifuniko cha F♯. Katika filimbi zote nne kibonyezo cha E kinasafiri kwanza peke yake, ndipo kinakikuta kifuniko cha F♯, na hapo panasikika "tik". Skrubu ya kurekebishia imelegea, na ncha yake inagusa chuma kitupu. Kukaza skrubu peke yake hakutoshi. Ikikazwa kupita kiasi, F♯ itafunga mapema na E itavuja. Karatasi ya sigara iliyokatwa ukanda mwembamba, ikivutwa chini ya pedi zote mbili, itawaonyesha kama zinafunga kwa pamoja.

Kuhusu fito za chuma ambazo vibonyezo huzunguka juu yake: fomu yenu ya kazi inasema mlitia mafuta mepesi. Kwenye mitambo iliyolika, mafuta ya aina hiyo hayakai. Yanahitajika mazito kidogo, na kabla ya hapo mirija inayozifunika fito hizo ibanwe irefuke hadi ijae kati ya nguzo zake. Sasa hivi vibonyezo vya kipande cha mguu (sehemu ya mwisho ya filimbi) vinatikisika kushoto na kulia hata kwa kidole kimoja.

Rekoda ina kibonyezo kimoja tu, cha C ya chini. Kwingine mlio wa kugonga hutokana na nyama ya kidole na tundu la mbao, na hapo hatuna neno. Pedi mpya mliyoiweka ni nene, inagusa kwanza upande wa bawaba na kuacha mbele wazi. C haitoki mpaka ubonyeze kwa nguvu, na ukibonyeza kwa nguvu, ndipo kinapolia.

Ushauri wenu wa kusogeza maikrofoni mbali hatuupokei. Mtambo mbovu ukiwa mbali bado ni mbovu, na sauti laini ya oktava ya chini ndiyo itakayopotea kwanza.

Tunaomba felti na koki zote zibadilishwe, mirija ibanwe, skrubu zirekebishwe upya na pedi ya rekoda ibadilishwe, bila malipo ya ziada, ndani ya siku 14 tangu mpokee vyombo. Msipoweza, turudishieni gharama yote ya matengenezo tuvipeleke kwingine. Pedi za filimbi zenyewe msiziguse: zimekaa vizuri, na kwa hilo tunamshukuru fundi.

Wenu,
Wapiga filimbi na rekoda, wateja wenu