Kostiki ipimwe kwa mizani, si kwa kikombe

Mhariri,

Maelekezo mengi ya sabuni ya kipande wanayopewa wajasiriamali husema "kikombe kimoja cha kostiki", yaani ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Hapo ndipo wateja wanapoungua ngozi. Kila mafuta yana kiasi chake: kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka gramu 174 hivi, ya mawese 134 tu, na hapo asilimia 5 ya mafuta imeachwa makusudi ibaki bila kuliwa na kostiki. Anayeongeza mawese kwa kuwa nazi imepanda bei, asipige hesabu upya, anauza sabuni kali.

Mchanganyiko mzuri wa kuanzia ni mawese gramu 700, nazi 300, maji 300 na kostiki 146. Vaa glavu na miwani. Kostiki ndiyo imwagwe kwenye maji. Ukifanya kinyume huchemka ghafla na kuruka usoni. Tumia ndoo ya plastiki nene, maana sufuria ya alumini huliwa na kutoa gesi inayowaka. Maji hayo ya kostiki na mafuta yaliyoyeyushwa vikipoa hadi nyuzi 40 hivi, changanya na ukoroge mpaka uzito wa uji. Ukimimina kwenye kalibu mapema, mafuta huelea juu.

Kwetu pwani kuna balaa jingine: kostiki isiyofunikwa hunyonya unyevu na kupungua nguvu, sabuni ikabaki laini, yenye mafutamafuta.

Sabuni ikishaganda, ikae kivulini penye hewa wiki 4 hadi 6. Wengi huuza baada ya siku tatu, ikayeyuka bafuni kwa mteja, halafu lawama wanayapa mawese.

Mtengeneza sabuni,
Tanga