Shoga, msipande mchangani

Micheweni, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, ila mama na goti lake. Barua yako nimeipata. Umeniambia kikundi chenu kimeotesha miche elfu mbili ya mikoko na mnataka kuimaliza kwa siku moja. Subirini kwanza.

Sisi yametukuta. Walikuja wafadhili na fulana na kamera, tukachomeka mbegu za mkoko mbele kabisa, kwenye mchanga unaopigwa na wimbi, maana ndipo palipokuwa na nafasi. (Pahala pakiwa patupu tangu enzi za bibi, pana sababu yake.) Bamvua la kwanza la kusi, yale maji makubwa, likaja. Asubuhi nilizikuta zimelala ufukweni kama bamia zilizomwagika sokoni. Kwenye ripoti nadhani bado zimesimama.

Siku hizi tunaanza na maji. Nendeni siku ya bamvua, chomekeni vijiti maji yanapofikia, kisha mrudi maji mafu, yanapojaa kidogo, mtazame. Mikoko ina aina zake: mbele kule ni kwa mlilana. Mkoko wenyewe wataka tope la nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi. Na pengine msipande kabisa. Kwetu palikuwa na tuta la shamba la chumvi lililoachwa, limeziba mkondo. Tulipolikata, maji yakaingia na kutoka, miche ikaota yenyewe.

Wenye mashamba ya mpunga uwaambie ukweli: mikoko huvunja nguvu ya wimbi, haizuii bahari kupanda. Bonde la marehemu baba sasa ni chumvi tupu. Kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zimepanda kama sentimita 20, shibiri moja tu, lakini kwenye bonde tambarare shibiri inakwenda mbali.

Na wakikuuliza pesa za kaboni, zile zinazolipwa kwa msitu kuhifadhi hewa ya ukaa, kama za wenzetu wa Gazi, kule Kwale, Kenya, wajue mradi wao ulioanza 2013 unasimamia hekta 117, nyingi ni msitu uliokuwapo zamani. Si miche ya juzi.

Mwezi ukiandama navuka kwa boti kuja Tanga, inshallah, tukachomeke hivyo vijiti pamoja. Nitafutie viatu vya kuazima, vyangu vimebaki topeni.

Wako,
Shoga yako wa Pemba