Kura za Seneta Kaine tuzisome zote, siyo ile ya mwisho tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana tangu Novemba nawasoma wenzangu wakimjadili seneta wetu Tim Kaine wa Virginia, Mdemokrat, huyu anamwita msaliti, yule anamwita mwokozi, na ukiwasikiliza vizuri wote wanaongelea kura moja tu, ile ya Jumapili usiku tarehe 9 Novemba 2025, ya kuifungua serikali iliyokuwa imefungwa tangu Oktoba kwa kukosa sheria ya matumizi. Mimi naishi Alexandria, uraia nimeshaapa, mwaka 2024 nilimpigia kura huyu mzee, na kazi yangu ni usafi kwenye jengo moja la serikali kule Washington. Ila serikali siyo mwajiri wangu, mwajiri wangu ni kampuni yenye mkataba na serikali. Hiyo naomba mwikumbuke, ndiyo imenifanya niandike.

Kwa ndugu zetu wasiofuatilia mambo ya huku, mwaka wa fedha wa Marekani unaisha 30 Septemba, na kama Bunge halijapitisha sheria ya matumizi basi ofisi hazina ruhusa ya kutumia hela. Kuna sheria ya tangu 1884 inakataza, lakini miaka mingi watu waliendelea kufanya kazi tu mpaka 1980 mwanasheria mkuu wa wakati ule, Benjamin Civiletti, alipoitafsiri kwamba hela ikikatika kazi isimame, na 1981 akaongeza kwamba zile za kulinda uhai na mali ziendelee. Hapo ndipo tunasema serikali imefungwa, wengine wanabaki nyumbani, wengine wanaenda kazini bila mshahara. Wabunge wenyewe mshahara wao hausimami, dola 174,000 kwa mwaka, maana wa kwao umewekwa na sheria nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kura, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndipo watu wengi wanapopotea. Seneti ina watu 100, muswada unapita kwa wengi wa kawaida, lakini kabla ya hapo lazima mjadala ufungwe, na kuufunga kunataka kura 60. Warepublikan walikuwa na 53. Maana yake mlango unafunguliwa na 60, ukishafunguka hao 53 wanajipitishia wenyewe. Ndiyo maana Machi 2025 kiongozi wa Wademokrat, Chuck Schumer, alipiga ndiyo kufunga mjadala wa muswada wa matumizi halafu akapiga hapana kwenye muswada wenyewe! Mtu akikuletea ile hapana peke yake atakwambia Schumer aliupinga muswada, akikuletea ile ndiyo peke yake atakwambia aliuunga mkono, na wote wawili wana karatasi mkononi. Kaine mwezi ule alikataa mlangoni kabisa, kwenye kura ya 60, alisema hapana pale ambapo hapana ilikuwa na uzito. Mimi hilo nalihesabu upande wake, hata kama serikali ingefungwa.

Oktoba ikafika, Baraza la Wawakilishi limeshapitisha muswada wa matumizi ya muda kwa 217 dhidi ya 212, Seneti ikakwama, na serikali ikafungwa tarehe 1. Muswada ule ule ulirudishwa ukakwama mara 14. Wako waliovuka mapema kupiga kura na Warepublikan, John Fetterman wa Pennsylvania, Catherine Cortez Masto wa Nevada, Angus King wa Maine, Kaine hakuwa kati yao. Madai ya chama yalikuwa ruzuku za bima ya afya ambazo zilikuwa zinaisha mwisho wa Desemba, lakini Kaine alikuwa na dai lingine analolirudia kila akisimama, kwamba ana faida gani kukubaliana matumizi leo halafu kesho serikali inazuia hela ile ile au inafukuza watu. Na kweli tarehe 10 Oktoba, serikali ikiwa imefungwa, barua za kupunguzwa kazi zikaanza kutolewa kwa maelfu. Hapa Virginia wafanyakazi wa serikali kuu ni zaidi ya laki moja, huwezi kwenda kanisani au kumchukua mtoto shule bila kukutana nao, kwa hiyo dai lile halikuwa la televisheni, lilikuwa la majirani zangu.

Kura inayoniuma ni ya 23 Oktoba na nashangaa hakuna anayeitaja. Ron Johnson wa Wisconsin alileta muswada wa kuwalipa wale waliokuwa wanafanya kazi bila mshahara, ukapata 54 dhidi ya 45, haukufika 60. Wademokrat 3 tu walivuka, Fetterman na wale wawili wa Georgia, Raphael Warnock na Jon Ossoff. Kaine hapana. Hoja ya chama ilikuwa kwamba muswada ule unampa rais uwezo wa kuchagua nani alipwe nani asilipwe, na waliorudishwa nyumbani wanaachwa kabisa. Hoja naielewa, na waliorudishwa nyumbani kweli wangeachwa. Lakini jirani yangu wa chini ana kazi ya kukagua mizigo uwanja wa ndege, siku ile alikuwa anaamka saa tisa usiku kwenda kazi isiyolipwa, ana watoto wawili, sasa mwende mkamweleze yeye hoja ya nani anachagua nani. Kama wanaomtetea Kaine wanataka kutetea rekodi yake basi waibebe na hii, wasiiruke.

Na mimi? Mimi supavaiza alinitumia ujumbe Jumanne usiku, usije kesho. Basi. Ghorofa ninazosafisha zilifungwa, beji yangu haikufungua mlango tena, na deki niliyopiga jioni ile ndiyo ilikuwa ya mwisho mpaka katikati ya Novemba. Siku 43, ndefu kuliko zote zilizokuwa zimetokea nchi hii mpaka wakati ule, ile iliyokuwa inashika rekodi ilikuwa ya siku 35, Desemba 2018 mpaka Januari 2019. Kodi ya nyumba Oktoba nililipa kwa akiba, ya Novemba nikalipa nusu na kumwomba mwenye nyumba anisubiri, yule mzee Mungu ambariki alinisubiri. Mke wangu anafanya kazi ya kulea wazee majumbani, hela yake ndiyo ilituweka mjini. Novemba mosi ikaingia kadi za chakula za serikali nazo zikawa hazina kitu kwa wengi, foleni ya chakula kanisani kwetu ikazunguka jengo ikatokea barabarani, mimi nilikuwa nagawa maboksi na nikimaliza kugawa nachukua langu.

Halafu ikaja ile Jumapili. Maseneta wanane wa upande wa Wademokrat wakapiga kura na Warepublikan 52, maana mmoja wao, Rand Paul, alikataa, zikatimia 60 dhidi ya 40, kesho yake muswada ukapita kwa hesabu ile ile, tarehe 12 Baraza la Wawakilishi likaupitisha 222 kwa 209 na rais akausaini usiku huo. Kaine alikuwa kati ya hao wanane. Mark Warner, seneta wetu mwingine, chama kile kile, wapiga kura wale wale, alipiga hapana. Siku tano tu nyuma Virginia ilikuwa imemchagua gavana Mdemokrat, Abigail Spanberger, watu walitoka wengi sana, kwa hiyo naelewa kwa nini wengi waliona Kaine ameuza ushindi wa mikononi. Na wapo wanaosema Warner ana uchaguzi 2026 na Kaine hana mpaka 2030, ndiyo maana mmoja alikaza na mwingine akalegea. Moyoni mwa mtu mimi siingii. Naangalia alichokipata.

Alichokipata ni hiki. Barua za kupunguzwa kazi zilizotolewa wakati wa kufungwa zikafutwa, watu wakarudishwa, na ikakatazwa kufukuza kwa njia ile mpaka 30 Januari 2026. Malimbikizo ya mishahara yakawekwa wazi kwenye sheria, na hilo lilihitajika kwa sababu Oktoba ikulu ilianza kusema waliokaa nyumbani si lazima walipwe, wakati kuna sheria ya 2019 inayosema watalipwa! Sheria hiyo ya 2019 ililetwa na Ben Cardin wa Maryland, Kaine akiwa pamoja naye, ikapita Baraza la Wawakilishi kwa 411 dhidi ya 7. Kwa hiyo mtu anayesema Kaine alilegea ghafla Novemba hajafungua kitabu, huyu amekuwa analinda mshahara wa mfanyakazi wa serikali tangu kufungwa kwa 2018, na Novemba alifanya kile kile. Kwenye ruzuku za bima alichopata ni ahadi ya kupigiwa kura Desemba, kura ikapigwa kweli na haikufika 60, na ruzuku zikaisha. Hapo waliomlaumu walikuwa sahihi, ahadi ya kupiga kura siyo ahadi ya kushinda, na mtu wa uzoefu wake, aliyewahi kuwa gavana na mgombea mwenza wa urais 2016, hilo alilijua kabla hajanyoosha mkono.

Ila sasa nirudi nilikosema tukumbuke. Niliporudi kazini kuna dada mmoja wa ghorofa ya tatu, mfanyakazi wa serikali, tunasalimiana miaka mingi, alinikuta nabadilisha mifuko ya takataka akaniuliza kwa furaha kabisa, vipi kaka, hela zako za nyuma zimeingia? Nikamwambia dada yangu, sisi wa kampuni haturudishiwi kitu. Alisimama pale mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akasema lakini sheria inasema. Nikamwambia sheria inasema wafanyakazi wa serikali. Yule dada kakaa kwenye jengo lile miaka mingi kuliko mimi na alikuwa hajui. Simlaumu, na wala sidhani ni yeye peke yake, maana kila kiongozi akipanda jukwaani anasema wafanyakazi watalipwa, hasemi wafanyakazi gani. Walinzi wa getini, akina mama wa kantini, sisi wa deki, wote tunaingia mlango ule ule tunavaa beji, na siku zile 43 kwetu zimepotea moja kwa moja, hazirudi.

Siyo kwamba Seneti haijawahi kusikia habari zetu. Mwaka 2019 Tina Smith wa Minnesota alileta muswada wa kuwalipa wenye kipato cha chini wa kampuni za mikataba, Wademokrat wenzake wakaunga mkono, ukafia njiani. Na hapa ndipo nina ugomvi na Kaine, ugomvi wa mtu aliyempigia kura na pengine atampigia tena. Kuweka jina kwenye muswada ni kitu kimoja, na kusema kura yangu hamuipati mpaka hili liwemo ni kitu kingine. Kwa watu walioajiriwa na serikali alisema hivyo Novemba na alipewa, maana Warepublikan walikuwa na shida na kura yake usiku ule kuliko siku nyingine yoyote. Sisi hatukuwemo kwenye yale makubaliano. Sina ushahidi kwamba alitupinga, tena sidhani. Nasema tu usiku ambao kura yake ilikuwa na bei, kwenye orodha ya alichodai hatumo, na wanane wote hatumo kwao, na wale 39 wa upande wa Wademokrat waliopiga hapana nao kwenye madai yao ya hadharani mbele kabisa ilikuwa bima, sisi mpaka uende kutafuta.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaobishana msaliti au mwokozi, nawaomba mnapomwandikia seneta wenu, na nyie wa Maryland mna watu wengi sana kazi kama yangu, msiulize tu ulipiga nini tarehe 9. Ulizeni Machi alipiga nini mlangoni na nini baada ya mlango, ulizeni 23 Oktoba, kura zote zimeandikwa kwa majina kwenye tovuti ya Seneti, dakika kumi unazo zote na hulipii. Mimi nimeshaandika yangu kwa Kaine, nimeipeleka kwa mkono ofisini kwake, kijana wa mapokezi akaigonga muhuri wa tarehe na kunipa nakala. Nimemshukuru kwa majirani zangu waliorudishwa kazini, nimemwambia ile ya 23 Oktoba imemuumiza jirani yangu wa chini, halafu nimemuuliza swali moja nasubiri jibu: serikali ikifungwa tena, na wewe ukawa ndiye wa kura ya 60, mtu wa deki utamweka ukurasa wa ngapi?

Msomaji wenu,
Alexandria, Virginia