Mdogo wangu, tusifichane habari ukiwa Kumasi

Mdogo wangu,

Tangu barua yako ya wito isomwe kwenye simu ya baba pale Nkuhungu, nyumba haijatulia. Miezi 24 ya umisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Misheni ya Ghana Kumasi. Mama anakusanya soksi na mashati meupe. Wajomba wanabishana Ghana iko mbali kiasi gani. Vijana wa tawi letu la kanisa wananiomba nikueleze yote niliyoyaona Uganda nilipokuwa mmisionari. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu nusu ya haya yanawahusu baba, mama na shangazi wa Mpwapwa kuliko yanavyokuhusu wewe, na ningependa wayasome kabla hujapanda treni ya umeme kwenda Dar.

Kazi yenyewe utaizoea. Saa 12:30 asubuhi uko macho, unasali, unasoma maandiko peke yako, kisha na mwenza wako, yaani mmisionari unayepangiwa kufanya naye kazi, halafu mnatoka. Mnatembea sana. Tafuta viatu vya soli nene, maana Kumasi mvua hainyeshi kwa kubembelezwa kama hapa kwetu. Saa 4:30 usiku taa inazimwa. Hakuna mechi kwenye luninga, hakuna mchumba, hakuna kutoka peke yako hata kwenda dukani. Kukataa chai na kahawa ulishazoea tangu ulipobatizwa, na manung'uniko ya shangazi yamekukomaza. Huko watakupa fufu, mihogo na ndizi zilizotwangwa pamoja, inayomezwa bila kutafunwa. Mtu aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mlenda hatashindwa kumeza. Watakuuliza pia ulizaliwa siku gani. Waambie Ijumaa, nao watakuita Kofi.

Wengi watakuonya kuhusu milango itakayofungwa usoni mwako. Itafungwa, ndiyo, lakini jioni unaisahau. Kinachochosha zaidi ni mwenza. Utaishi na mtu usiyemchagua, mtapika pamoja, mtasali pamoja, mtalala chumba kimoja, na hamtaachana isipokuwa bafuni. Kila wiki sita kunaweza kutokea uhamisho, ukaanza upya na mtu mwingine mwenye mapigo yake. Nilikaa na mwenza aliyeweza kumaliza siku nzima bila kuongea zaidi ya kazi. Alitoka Zimbabwe. Mwanzoni nilidhani ananidharau. Mambo yaliyonipata Jinja, kule Uganda, ndiyo yaliyonionyesha yeye ni mtu wa namna gani, na ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii.

Wakati ule taratibu zilikuwa tofauti. Tuliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Siku nyingine ilikuwa barua pepe, Jumatatu, siku ya maandalizi, tukishamaliza kufua na kwenda sokoni. Mama hakuwa na barua pepe, kwa hiyo mtoto wa mjomba ndiye aliyemwandikia. Bibi alipofariki Mvumi, wakubwa walikaa wakaamua nisiambiwe. Jumatatu hiyo nikasoma kwamba mtama umeota vizuri na mbuzi wamezaa. Nikaendelea kumwombea bibi goti lake lipone, kila asubuhi, naye alikuwa ameshazikwa. Habari ilinifikia matanga yalipokuwa yameshaanuliwa.

Baba, mama, sisemi haya kuwalaumu. Nilielewa tangu mwanzo mlichokiogopa. Kwetu habari ya kifo haitupwi tu. Mtu anaitwa, anaketishwa, anaulizwa kama amekula, na watu wazima wanakaa karibu naye ndipo mmoja anasema. Mliona hakuna wa kuniketisha Uganda. Na mlifikiri mkiniambia nitaacha kazi ya Mungu katikati. Baba, wewe ni Mwanglikana wa Mvumi tangu kuzaliwa, hili si kanisa lako, lakini uliuza mbuzi ili niende, na sasa umeuza tena. Ninajua ulinificha kwa upendo.

Lakini wa kuniketisha alikuwepo. Siku niliyosoma habari ya msiba, mwenza wangu hakunipa maneno. Alinishika mkono tukaenda kwa mama mmoja wa tawi, akamwambia jambo lenyewe kwa sentensi moja. Yule mama akatandika mikeka uani, akatuma watoto, na kabla ya jioni kina mama wa jirani walikuwa wameketi, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu. Waliimba kwa Kiluganda. Walileta matoke. Walitaka kujua bibi alikuwa mtu gani, nikawaeleza alivyokuwa anatuamkia "mbukwa" hata tukiwa tumemkosea, na alivyokuwa akipepeta uwele huku anaimba. Walimlilia mwanamke wa Kigogo ambaye hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona. Nililala usiku ule. Laiti mngeniambia siku ileile, ningemlilia bibi wakati mmoja na ninyi.

Sasa wewe unakwenda wakati ambao hakuna kisingizio. Tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kuzungumza na familia zao kila wiki, kwa simu au kwa video, siku ya maandalizi. Kwa hiyo ninaomba tukubaliane kabla hujaondoka. Likitokea jambo zito hapa, baba au mimi tutampigia kwanza rais wa misheni yako, yule anayewaongoza wamisionari wote wa huko. Yeye atakuita, atakuketisha, mwenza wako akiwa karibu, kisha utatupigia hata kama si Jumatatu. Huenda usirudi kuzika. Hilo ni gumu kwa mtu wa kwetu, na sitalipunguzia uzito. Lakini kukosa mazishi na kukosa hata habari ya mazishi ni vitu viwili.

Na wewe usitufiche.

Najua utataka kufanya hivyo. Utakuwa na homa, utaona mama anakuangalia kwenye kioo cha simu, utasema uko salama. Utakuwa hulali, chakula hakipiti, umekorofishana na mwenza, huoni faida ya kazi yako kwa sababu mtu mliyemfundisha kwa muda mrefu amehama bila kuaga, nawe utatuonyesha tabasamu na shati lililopigwa pasi. Nilifanya hivyo na wenzangu wengi walifanya hivyo, tukidhani ndiyo imani. Sema, mdogo wangu. Ukiona huwezi kusema mbele ya mama, niandikie mimi. Mwambie rais wa misheni pia, kwa kuwa kumsikiliza mmisionari aliyechoka ni sehemu ya kazi yake.

Kuna jambo ambalo hapa Dodoma hatulisemi kwa sauti. Wapo vijana wanaorudi kabla ya miezi 24 kwa sababu ya afya, ya mwili au ya akili, na wanakutana na minong'ono ibadani na mtaani kama vile wameiba. Inaniuma sana kila nikiiona. Mmoja wao aliacha kabisa kuja Jumapili, na si kwa sababu alikosa imani. Kwa hiyo nakuandikia mbele ya wote: ukilazimika kurudi mapema, utapokewa stesheni na watu walewale waliokusindikiza, mimi nikiwa mbele, na atakayenong'ona atakutana na mimi kwanza.

Shangazi, najua utakuwa umefika hapa ukisoma. Ukisikia mjomba anaumwa, usimwambie mama "mtoto asijue." Niambie mimi.

Ghana wako nyuma yetu kwa saa tatu. Jumatatu yako ya kwanza ukiruhusiwa kupiga, piga saa 10 jioni ya huko, hapa itakuwa saa 1 usiku na sote tutakuwa kwa baba. Anza kwa kutuuliza nani anaumwa, tutakujibu. Halafu tutakuuliza wewe. Bando nitaweka mimi.

Dada yako